Maji Yanayoshuka Mlimani: Busara ya Wazee na Kinga ya Mafuriko

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo chini ya sufuria. Kama uko shambani, egemea jembe lako utusikilize. Leo tunazungumza juu ya jambo linalotuhusu sote tunaoishi Marani na katika vilima vyote vya Kisii na Nyamira. Jambo hilo ni mafuriko, na jinsi ya kujikinga nayo.

Huenda unajiuliza: sisi na mafuriko, wapi na wapi? Mafuriko ni ya watu wa Budalangi, ambako Mto Nzoia huvunja kingo zake. Ni ya watu wa Nyando na Ahero, kwenye tambarare za Kano. Sisi tuko juu. Maji hushuka, hayapandi.

Ni kweli, maji hushuka. Lakini kabla hayajafika kwao, yanapita kwetu. Yanapita shambani, yanapita kando ya choo, yanapita juu ya chemchemi tunayochota maji ya kunywa, kisha yanakutana kijitoni, pale ambapo watoto wetu huvukia wakienda shuleni. Mafuriko ya tambarare huja polepole na kukaa siku nyingi. Mafuriko ya mlimani huja kwa dakika chache na kuondoka kwa saa chache. Ukiamka asubuhi unakuta kijito kimerudi mahali pake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana tunayadharau, na ndiyo maana yanatuumiza.

Mvua moja ni maji kiasi gani?

Mpenzi msikilizaji, tufanye hesabu kidogo. Mara nyingi unasikia Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikitangaza kwamba mvua kubwa ya zaidi ya milimita 30 inatarajiwa kwa saa 24. Milimita 30 ni kitu gani? Ni sentimita 3 tu, pungufu ya urefu wa kidole chako. Unaweza kucheka.

Lakini milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mabati la mita 8 kwa mita 6. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu yake, maji yanayodondoka kutoka kwenye paa hilo ni lita 1,440. Hiyo ni mitungi 72 ya lita 20. Sasa chukua shamba la eka moja. Mvua hiyo hiyo inamwaga juu yake lita zipatazo 120,000, yaani mitungi 6,000. Hilo ni shamba la mtu mmoja tu. Hesabu mashamba ya upande mmoja wa kilima, kutoka mgongoni mpaka bondeni, halafu useme kama kijito kinaweza kubeba maji hayo yote kwa saa moja.

Shamba lenye majani, miti na udongo uliolegea hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Shamba lililolimwa likaachwa wazi, na udongo wake ukashikana kwa kukanyagwa, huyasukuma maji chini. Kwa hiyo mafuriko hayatoki mawinguni peke yake. Sehemu yake tunaitengeneza wenyewe kwa namna tunavyoutendea mteremko.

Wazee walifanya nini?

Mababu na mabibi zetu hawakuwa na redio wala mitambo ya kupima mvua. Lakini walikuwa na kanuni zao, na tukizitazama vizuri tutaona kwamba zilikuwa kanuni za afya.

Kanuni ya kwanza ilikuwa ya mahali pa kujenga. Boma lilikaa juu, mgongoni mwa kilima au penye mteremko wa wastani. Hapo palikuwa pakavu, pana upepo, na mbali na mbu. Bondeni palikuwa pa nyasi, pa mifugo kulisha na kunywa. Shamba la ukoo lilishuka kama utepe kutoka juu mpaka mtoni, na kila sehemu ya utepe huo ilikuwa na kazi yake. Sehemu ya chini kabisa iliachiwa maji. Mto ulipofura, ulifurika juu ya nyasi na mafunjo, na hakuna nyumba iliyobebwa.

Kanuni ya pili ilikuwa ya kuupumzisha udongo. Shamba lililochoka liliachwa likaota majani. Mabua na magugu yaliyopaliliwa yalilazwa kwa mistari kukata mteremko, na mawe yaliyookotwa shambani yalipangwa vivyo hivyo. Maji yakishuka yanakutana na mstari, yanapunguza mbio, yanaacha udongo hapo na kuendelea taratibu.

Kanuni ya tatu ilikuwa ya kufanya kazi pamoja. Wakisii wana neno lao, risaga. Majirani huitana, wanaingia katika shamba la mmoja wao, kazi inakwisha, na mwenyeji anawaandalia chakula na kinywaji. Kesho ni zamu ya mwingine. Kwa risaga, mfereji ambao ungemchukua mtu mmoja mwezi mzima ulichimbwa kwa siku moja. Na kwa kuwa maji hayajui mpaka wa shamba, ilikuwa lazima wenye mashamba wapatane kuhusu njia yake.

Kanuni ya nne ilikuwa ya kuutazama mto. Wazee walijua mwendo wa kijito chao kama wanavyojua mwendo wa mtoto wao. Waliangalia rangi ya maji, walisikiliza sauti yake, na waliona jiwe gani limefunikwa. Mtoto alionywa asivuke maji yaliyobadilika rangi.

Ni nini kimebadilika?

Msikilizaji, hatusemi turudi kuishi kama zamani. Watu wameongezeka. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi sana nchini Kenya. Utepe ule wa shamba umegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wana wao. Aliyekosa mahali juu amejenga chini. Bonde lililokuwa la nyasi sasa lina mahindi, lina mashimo ya kufyatulia matofali, na lina mikaratusi, ile tunayoiita blugamu. Mkaratusi una faida yake kwa mbao na kuni, lakini ukipandwa bondeni hunywa maji mengi wakati wa kiangazi, na chini yake majani mengine hayasitawi ya kuushika udongo mvua inapokuja.

Mabati nayo yamechukua mahali pa nyasi juu ya nyumba zetu. Ni maendeleo, lakini kila bati linamwaga maji yake kwa ghafula. Barabara zimechongwa kwenye vilima, na mitaro yake inaishia shambani kwa mtu. Mjini Kisii, Mto Nyakomisaro unapita katikati ya majengo na masoko, ukibeba taka zetu.

Na kila tunachokifanya huku juu, jirani yetu wa chini anakipokea. Mto Gucha, ambao majirani wa Migori huuita Kuja, unaanzia kwenye vilima vyetu na kumwaga maji katika Ziwa Viktoria. Unapofurika kule Nyatike na kuharibu mashamba na nyumba, maji yale na udongo ule mwekundu ni wetu. Mito ya Awach nayo inateremka kuelekea Rachuonyo mpaka ziwani. Udongo unaoondoka Marani haurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni vivyo hivyo.

Tujifunze kutokana na yaliyotokea

Nchi yetu imeona mvua kubwa mara nyingi. Wazee wengi wanakumbuka mvua ya mwaka 1961, iliyofanya Ziwa Viktoria kupanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Ikaja El Niño ya 1997 na 1998. Mwezi wa Novemba 2019, maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 50 kule Pokot Magharibi, na hao walikuwa watu wa milimani kama sisi. Na kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini Kenya.

Kisa cha Mai Mahiu, Aprili 29 mwaka huo wa 2024, kina somo kubwa kwetu. Maji ya mvua yalishuka kutoka milimani yakakutana na tuta la reli. Njia ya maji chini ya tuta hilo ilikuwa imezibwa na udongo, magogo na takataka. Maji yakajikusanya nyuma yake kama bwawa. Usiku, watu wakiwa wamelala, tuta likapasuka. Zaidi ya watu 45 walikufa.

Sasa tazama barabara iliyo karibu na kwako. Je, kalvati lake liko wazi? Au limejaa udongo, mabua, karatasi za plastiki na chupa? Kalvati lililoziba ni bwawa linalosubiri mvua.

Dalili za wazee na dalili za wataalamu

Watu wengi huuliza: tumwamini nani, mzee wa kijiji au mtaalamu wa hali ya hewa? Jibu letu ni kwamba tuwasikilize wote wawili, kwa sababu kila mmoja anaona kile ambacho mwenzake hakioni.

Mtaalamu anaona mbali. Anatumia setilaiti na mitambo, na anaweza kutuambia leo kwamba mvua kubwa inakuja keshokutwa, au kwamba msimu huu utakuwa na mvua kuliko kawaida. Lakini hawezi kukuambia kijito chako kitapita wapi.

Mzee anaona karibu. Anatazama mti wa omotembe unapotoa maua yake mekundu mwishoni mwa kiangazi. Anaona siafu wakihamisha mayai yao kupanda juu. Anahisi joto zito la mchana na kuona mawingu meusi yakipanda kutoka upande wa ziwa. Hilo la mwisho hata wataalamu wanalieleza: hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda inapokutana na vilima vyetu, inapoa, na kuwa mvua yenye radi wakati wa alasiri. Tena mzee anajua kwamba mwaka fulani maji yalifika kwenye mwamba ule, hata kama leo pana nyumba.

Katika kaunti ya Vihiga, huko Bunyore, kuna ukoo wa Nganyi unaojulikana tangu zamani kwa kutabiri mvua kwa kutazama miti, ndege na wadudu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wazee wa ukoo huo wamekuwa wakikaa pamoja na wataalamu wa hali ya hewa kabla ya msimu kuanza. Kila upande unaleta utabiri wake, wanalinganisha, kisha wanatoa ujumbe mmoja kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa. Kama Bunyore wameweza, na sisi tunaweza kuitisha baraza kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Septemba, tukawaweka pamoja mzee, afisa wa kilimo, mhudumu wa afya ya jamii na chifu.

Lakini si kila kinachoitwa mila kinafaa. Na hapa, msikilizaji, tuseme jambo gumu. Msiba ukitokea, mtoto akichukuliwa na maji au nyumba ikipigwa na radi, wapo wanaotafuta mtu wa kulaumu, na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mama mzee. Mnamo Oktoba 2021, hapa hapa Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Hakuna bibi anayetuma mto. Hakuna babu anayeteremsha kilima. Mvua, mteremko ulio wazi na mfereji ulioziba vinatosha kuleta msiba. Na wazee hao tunaowatuhumu ndio wanaokumbuka mto ulifika wapi. Tukiwaua au kuwafukuza, tumetenda uovu mkubwa, na pia tumechoma kitabu chetu wenyewe.

Mvua ikinyesha, ufanye nini?

Sasa tufike kwenye yale ya kuokoa maisha. Chukua kalamu kama unayo.

Kwanza, usivuke maji yanayokwenda kasi. Maji yanayofika sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima yakiwa na nguvu. Pikipiki hubebwa kwa urahisi, na maji ya sentimita 60 huweza kubeba gari. Daraja la gogo lililolowa ni hatari zaidi. Mwalimu, mvua ikiwa kubwa saa za kutoka, wazuie wanafunzi shuleni mpaka maji yapungue. Mzazi, afadhali mtoto afike saa moja usiku akiwa mzima kuliko asifike.

Pili, jifunze lugha ya mto. Maji yakigeuka kuwa ya udongo ghafula, yakiwa na matawi na majani, ujue juu kumenyesha sana hata kama kwako kuna jua. Na likumbuke hili: mvua inanyesha lakini kijito kimepungua ghafula au kimenyamaza, usishuke kwenda kutazama. Huenda udongo umeporomoka juu na kuziba njia, na maji yanajikusanya. Yakipasua kizuizi hicho yatakuja yote kwa pamoja. Panda juu, ukiwaita majirani.

Tatu, itazame ardhi. Nyufa mpya kwenye mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, chemchemi iliyogeuka matope au maji yanayobubujika mahali papya: hizo ni dalili kwamba udongo unataka kuteleza. Usingoje asubuhi. Ondoka na familia yako, uende pembeni mwa njia ya maporomoko, si chini yake. Mjulishe mzee wa kijiji na chifu. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.

Nne, uwe na mfuko wa dharura msimu wa mvua unapoanza. Weka kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, dawa za mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au virusi vya Ukimwi, tochi na nguo kavu, vyote ndani ya karatasi ya plastiki. Kubalianeni ni nani atakayemshika mkono nyanya, na ni nani atakayembeba mlemavu.

Maji yakishaondoka, magonjwa hufika

Mpenzi msikilizaji, wengi hudhani hatari imekwisha mvua ikikatika. Kwa kweli hapo ndipo kazi ya afya inapoanza.

Wiki ya kwanza ni ya tumbo. Maji yamepita chooni, yamepita zizini, yakaingia kwenye chemchemi. Kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na hata kipindupindu hufuata njia hiyo. Maji ya chemchemi yakichafuka, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote kabisa, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

Mtoto akiharisha, mpe maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea maji mwilini, yale ya pakiti kutoka zahanati. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, ukoroge. Mnyweshe kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki. Ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hawezi kunywa, au ana kinyesi chenye damu au kama maji ya mchele, mpeleke hospitalini mara moja.

Wiki zinazofuata ni za mbu. Mbu wa malaria hupenda kutaga mayai kwenye maji yaliyotulia na yanayopigwa na jua: shimo la matofali, nyayo za ng'ombe kando ya mto, mtaro uliosimama. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili, na kwenye baridi huchukua zaidi. Ndiyo sababu malaria huongezeka wiki kadhaa baada ya mvua, wakati tumeshasahau mafuriko. Nyanda za juu za magharibi mwa Kenya zilikumbwa na milipuko mikubwa ya malaria katika miaka ya 1990, na kwa kuwa watu wa milimani hawana kinga nyingi mwilini kama watu wa kando ya ziwa, hata watu wazima waliugua vibaya. Fukia mashimo ya matofali yasiyotumika, zibua mitaro, na lala ndani ya chandarua chenye dawa. Ukipata homa, usinunue vidonge kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe.

Kazi tunayoweza kuifanya pamoja

Haya, msikilizaji, tufanye nini kabla ya mvua inayofuata?

Mwenye nyumba, weka mifereji kwenye paa na uyaingize maji tangini. Tumeona kwamba paa dogo hutoa mitungi 72 kwa mvua moja. Maji hayo ni yako, usiyatupe kwa jirani.

Mwenye shamba, lima kwa kukata mteremko, si kwa kuufuata. Chimba matuta ya fanya juu, yaani ukichimba mtaro udongo unautupa upande wa juu, kisha panda nepia juu ya tuta. Nepia inashika udongo na inalisha ng'ombe. Mtindo huu umewasaidia sana wakulima wa Machakos, na jina lake la Kiswahili sasa linatumika hata katika vitabu vya kigeni.

Mwenye shamba la kando ya mto, acha ukingo. Kanuni za maji za Kenya zinataka kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, zisilimwe wala kujengwa. Panda hapo nyasi, mianzi au miti ya kiasili. Huko ni kurudi kwenye kanuni ile ya wazee ya kuliachia bonde maji.

Mwenye choo cha shimo, kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kwenye chemchemi, na kiwe upande wa chini yake. Kiinulie kingo, na uchimbe mtaro mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni.

Na sisi sote, turudishe risaga. Jumamosi moja kabla ya msimu, kila kijiji kitoke na majembe na sepetu. Kalvati lizibuliwe, chemchemi ijengewe ukuta na kuchimbiwa mtaro wa kuikinga, daraja la watoto liwekewe kamba ya kushikia. Makanisa, vikundi vya akina mama na vijana wa bodaboda mnaweza kuongoza. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Maswali ambayo watu huuliza

Je, kama sina ardhi nyingine na nyumba yangu iko bondeni? Hatukuambii ubomoe nyumba kesho. Inua msingi, chimba mtaro wa kuzunguka nyumba, na patana na jirani wa juu mahali pa kulala usiku wa mvua kubwa. Mwana wako anapotaka kujenga, mwoneshe alama ya maji ya juu kabisa, ajenge juu yake.

Je, jirani wa juu akinielekezea mfereji wake? Msianze kwa ugomvi. Mwiteni mzee wa kijiji na afisa wa kilimo, mtembee wote kutoka juu mpaka mtoni, mkubaliane njia moja ya maji iliyopandwa nyasi. Njia hiyo iwe ya wote, na wote waitunze.

Mpenzi msikilizaji, tuna jambo moja la kuondoka nalo leo. Maji ya mvua ni baraka yakipewa njia na muda wa kuingia ardhini. Yakinyimwa, yanajitafutia njia, na njia hiyo inaweza kuwa mlango wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya mazungumzo yetu yajayo, fanya kazi hii ndogo. Mwendee mzee au mama mzee aliye karibu nawe, mwamkie kwa heshima, kisha umwulize: maji yaliwahi kufika wapi hapa kwetu? Mwombe akuoneshe mahali penyewe. Weka hapo jiwe, ulipake chokaa, na uwaambie watoto maana yake. Usiku ule mvua itakapokuja, jiwe hilo litawaambia pa kuishia.

Kwaheri kwa sasa, na afya njema.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni wapi katika kijiji chetu watoto huvuka maji wakienda shuleni, na nani atawalinda siku ya mvua?
2. Ni kalvati au mtaro gani umeziba, na utazibuliwa lini?
3. Chemchemi yetu iko chini ya choo cha nani, na tutamsaidiaje kukihamisha?
4. Ni wazee gani wanaokumbuka mvua ya 1961 au ya 1997, nasi tumewahi kuwauliza?